Masafa na Muda Baina ya Nairobi na New York

Msafiri anayekata tikiti ya kwenda ng'ambo huuliza mambo mawili kwa pumzi moja, akidhani kuwa ni jambo moja: huko ni mbali kiasi gani, na tutafika baada ya saa ngapi. Akiambiwa kwamba ndege itokayo Nairobi kwenda New York hukaa safarini kiasi cha saa 15, na kwamba ndege hiyo hiyo ikirudi Nairobi hukaa saa 13 na ushei, husita, kwa kuwa hakuna aliyeisogeza miji hiyo ikakaribiana wakati wa kurudi. Mshangao wake ni wa haki, na jawabu lake lataka subira kidogo. Masafa ni jambo la ardhi, nayo ardhi hairefuki wala haifupiki. Lakini muda wa safari hufanywa na upepo, na uzito, na sheria za madola, na saa ambazo wanadamu wamekubaliana kuzifuata, na kila kimoja katika hivyo kina tabia yake. Katika makala haya nitavieleza kimoja baada ya kingine kwa mfano wa njia hiyo moja, ambayo Shirika la Ndege la Kenya lilianza kuiruka bila ya kutua katikati tarehe 28 Oktoba 2018.

Tuanze na masafa, maana hayo ndiyo yaliyo thabiti. Kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta, kilichoko Embakasi, kiko digrii 1 na dakika 19 kusini ya istiwai, na digrii 36 na dakika 56 mashariki ya Greenwich. Kile cha John F. Kennedy, kilichoko ukingoni mwa maji huko Queens, kiko digrii 40 na dakika 38 kaskazini, na digrii 73 na dakika 47 magharibi. Ukipiga hesabu ya pembe inayofanywa na mistari miwili itokayo katika kitovu cha dunia, mmoja ukienda Embakasi na wa pili ukienda Queens, utapata digrii 106 na nusu hivi. Hapo ndipo elimu ya mabaharia inapotufaa, kwani maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852, iliwekwa kwa makusudi iwe sawa na dakika moja ya pembe ya namna hiyo. Na kwa kuwa kila digrii ina dakika 60, inatosha kuzidisha 106 na nusu kwa 60 ili kupata maili 6,390, yaani kilomita zipatazo 11,830. Mzingo mzima wa dunia ni kilomita 40,000 na kidogo, na hakuna miji miwili inayoweza kutengana kwa zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo njia yetu imezidi robo ya mzingo, na bado haijafikia masafa ya mwisho ambayo dunia yaweza kumpa msafiri.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haikubaliani na macho ya mtu aliyezoea ramani ya ukutani. Ramani nyingi za ukutani zimefuata mtindo wa Gerardus Mercator, aliyechora ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, na fadhila yake kubwa ni kwamba nahodha akipiga mstari ulionyoka baina ya bandari mbili, anaweza kuushika uelekeo mmoja wa dira tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukipiga mstari huo kutoka Nairobi hadi New York, utapita kaskazini mwa Kongo, katikati ya Nigeria, nchi ya Mali na pwani ya Mauritania, kisha utaingia baharini; lakini mstari huo, ulionyoka kwenye karatasi, umepinda juu ya dunia yenyewe, nao ni mrefu kwa zaidi ya kilomita 300 kuliko njia ya haki. Mwenye tufe la dunia nyumbani na avute uzi baina ya miji hiyo miwili mpaka ukaze, ataiona njia hiyo ya haki, ambayo wanahesabu huiita duara kuu: inatoka Nairobi kwa kuelekea kaskazini magharibi, inapita kaskazini ya Uganda, Sudan Kusini, ukingo wa magharibi wa Sudan, Chad, Niger na jangwa la Algeria, inaiacha Afrika katika nchi ya Morocco si mbali na Marrakech, inavuka visiwa vya Azores, inapanda mpaka kiasi cha digrii 42 kaskazini upande wa kusini wa Newfoundland, na kutoka hapo inateremka kuingia New York. Kwa ufupi, ndege huondoka ikielekea kaskazini kupita inavyodhaniwa, na hufika ikielekea kusini kidogo ya magharibi, ilhali rubani hakupinda popote.

Faida ya kulijua jambo hili si ya wanafunzi wa jiografia peke yao, bali ni ya kila mwenye kulipa nauli. Abiria wa Nairobi, au yule wa Dar es Salaam au Kampala anayekuja kuunganisha ndege hapo, hupewa njia nyingi za kufika Marekani, na kwa macho ya ramani kupitia London huonekana kama kuzunguka sana. Lakini kutoka Nairobi hadi London ni kilomita 6,840 hivi, na kutoka London hadi New York ni 5,540. Jumla yake ni 12,380, ambayo imeizidi njia ya moja kwa moja kwa kilomita 550 tu, pungufu ya saa moja ya kuruka. Anayepitia Doha, kwa upande mwingine, huanza safari kwa kuipa Marekani mgongo, akaenda kilomita 3,350 kuelekea kaskazini mashariki, kisha akakabiliwa na nyingine 10,770. Amejiongezea kilomita karibu 2,300, hata kabla hajahesabu muda wa kungoja katika kiwanja cha kati. Huenda nauli yake ikawa nafuu, na huenda raha ya ndege ikamfidia, wala simlaumu; lakini ni vyema ajue anachokinunua.

Sasa tuingie katika muda. Ndege iliyotumiwa kuifungua njia hii ni Boeing 787-8, ambayo mwendo wake wa kawaida ni asilimia 85 ya mwendo wa sauti, na katika hewa baridi iliyoko kilomita 11 au 12 juu ya bahari, mwendo huo ni kama kilomita 900 kwa saa. Tukigawa 11,830 kwa 900 tunapata saa 13 na dakika kama 9. Huo ndio muda ambao ungetosha kama hewa ingekuwa imetulia tuli, na kama ndege ingezaliwa angani ikiwa tayari na mwendo wake kamili. Bali ndege huanza kwa kutambaa kutoka kituoni pake hadi mwanzo wa njia ya kurukia, ikapanda polepole kwa kuwa ni nzito, na mwishoni ikapunguza mwendo, ikapanga foleni juu ya mji wenye ndege nyingi, ikatua, ikatambaa tena mpaka ikasimama. Saa zinazoandikwa katika ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoachia kituo chake mpaka inaposimama katika kituo cha pili, wala si tangu tairi zinapoachana na ardhi. Kwa sababu hiyo, hata siku isiyo na upepo, saa 13 zingekuwa 13 na nusu au zaidi.

Lakini siku isiyo na upepo haipo huko juu. Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hawahitaji kufundishwa sana jambo hili, kwani babu zao waliipanga biashara yote ya majahazi baina ya Uarabuni, Bara Hindi na Zanzibar kwa kaskazi na kusi, na walijua kwamba safari ya kwenda na safari ya kurudi, ingawa masafa yake ni mamoja, si safari moja. Ndege nayo ina pepo zake. Hewa iliyo karibu na istiwai huzunguka pamoja na ardhi kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Hewa hiyo inapopata joto, ikapanda na kwenda upande wa ncha za dunia, hukuta ardhi ya huko inazunguka kwa mwendo mdogo zaidi, na hivyo huitangulia, ikawa upepo mkali utokao magharibi. Mkondo huo, ambao mara nyingi huzidi kilomita 150 kwa saa na wakati wa baridi kali waweza kupita 300, ulipimwa na Mjapani Wasaburo Ooishi katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuata kwa darubini. Aliitoa taarifa yake mwaka 1926 kwa lugha ya Kiesperanto, akitumaini kwamba itasomwa ulimwenguni kote, na matokeo yake ni kwamba wachache sana waliisoma.

Baadhi ya watu hudhani kwamba ndege inayokwenda magharibi ingepaswa kuwahi, kwa kuwa dunia inazunguka kwenda mashariki na hivyo New York inaijia ndege njiani. Dhana hiyo haina nguvu, maana hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa kama jahazi lilivyo ndani ya maji. Kinachohesabika ni upepo tu, na athari yake yaweza kupigiwa hesabu na yeyote. Tuseme upepo wa mbisho wa kilomita 100 kwa saa umeikabili ndege njia nzima: mwendo wake juu ya ardhi utakuwa 800, na safari itachukua saa 14 na dakika 47. Ikirudi na upepo ule ule mgongoni, mwendo utakuwa 1,000, na safari itachukua saa 11 na dakika 50. Tanbihi iliyofichika hapo ni hii: upepo uliochelewesha kwa zaidi ya saa moja na nusu wakati wa kwenda hauirudishi saa moja na nusu kamili wakati wa kurudi, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo mbaya kuliko inavyokaa katika upepo mwema; ukijumlisha kwenda na kurudi, utakuta umepoteza kama dakika 20 kuliko kama hewa ingetulia.

Kwa kweli upepo wa njia yetu si mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Katika theluthi ya kwanza, karibu na istiwai, pepo za juu aghalabu ni nyepesi, na katika miezi ya kati ya mwaka hutoka mashariki, zikaisaidia ndege inayoondoka Nairobi. Upinzani huanza juu ya Sahara, hasa Desemba na Januari, ukaendelea juu ya Atlantiki. Kwa sababu hiyo wapangaji wa safari hawaifuati duara kuu kama watumwa wake. Kila siku huzitazama ramani za hali ya hewa, na wakiona kwamba kuongeza kilomita 200 kutaiepusha ndege na kiini cha mkondo, huziongeza kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa njia iliyo ndefu kwa kilomita yaweza kuwa fupi kwa saa na kwa mafuta. Anayetaka kuona nguvu ya upepo mwema ikifika ukomo wake na akumbuke usiku wa Februari 2020, ambapo ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida hutaka saa sita na zaidi. Injini zake zilikuwa zile zile za kila siku, ila nyuma yake kulikuwa na tufani.

Baada ya upepo huja uzito, na hapa Nairobi ina taabu yake yenyewe. Mji huu uko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,600, mahali ambapo hewa ni nyembamba. Mbawa hupata mahali padogo pa kushika, na injini hupata hewa kidogo ya kuunguza mafuta. Boeing 787-8 haitakiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi tani 228 hivi, na katika hizo, matangi yake yakijaa, mafuta peke yake ni kama tani 100. Ndege nzito katika hewa nyembamba hutaka kukimbia sana kabla ya kuinuka, ndiyo maana njia ya kurukia ya Embakasi ina urefu wa zaidi ya kilomita nne, na ndiyo maana ni heri kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa na kuwa nzito zaidi. New York, iliyo karibu sawa na bahari, haina shida hiyo. Tena mafuta yana ajabu yake: sehemu yake huunguzwa kwa ajili ya kuyabeba mafuta mengine, na ndege hupanda kwa ngazi, ikaongeza kimo kila inapopungua uzito.

Jambo la tatu ni idhini za madola, ambazo hazionekani katika ramani yoyote ya pepo. Anga ya kila nchi ni milki yake, na ndege haiipiti ila kwa ruhusa. Kabla ya mwaka 2017 hapakuwa na safari ya moja kwa moja ya shirika la Kenya kwenda Marekani, hata kama ndege yenye uwezo ingekuwapo, kwa kuwa wasimamizi wa safari za anga wa Marekani walikuwa hawajaipa Kenya daraja la kwanza la usalama. Daraja hilo lilitolewa Februari mwaka huo. Na mwenye kuikumbuka ile njia ya haki niliyoitaja ataona jinsi siasa inavyoweza kuikata: Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, anga yake ilifungwa, na Agosti mwaka huo huo, baada ya mapinduzi, Niger nayo iliifunga anga yake kwa majuma kadhaa. Ndege iliyozoea kukata mkato juu ya nchi hizo hulazimika kuzunguka, na kila mzunguko ni mafuta na dakika. Juu ya bahari napo kuna sharti, kwamba ndege ya injini mbili isijitenge na kiwanja cha kutulia kupita kiasi ilichoruhusiwa, ili injini moja ikizimika ifike salama kwa ile ya pili. Na kwa njia yetu, visiwa vya Azores vimekaa mahali panapofaa kabisa.

Hayo yote ni muda wa kweli, ambao ungepimwa na saa moja iliyofungwa mkononi bila ya kuguswa. Kuna na muda wa tikiti, ambao huwachanganya watu zaidi, kwa sababu tikiti huandika saa ya mji wa kuondokea na saa ya mji wa kufikia. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana kwamba mstari wa Greenwich uwe mwanzo wa kuhesabu longitudo, na taratibu saa za dunia zikapangwa kuufuata. Afrika ya Mashariki iko mbele ya mstari huo kwa saa tatu, na New York iko nyuma yake kwa saa tano, au nne wakati wa kiangazi chao, kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba. Basi ikiwa ndege itaondoka Nairobi saa tano na nusu ya usiku katika mwezi wa Januari, ikafika saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, tikiti itaonyesha kana kwamba safari ni ya saa saba. Ongeza nane za tofauti, utapata 15 za kweli. Ikirudi kwa kuondoka saa sita na nusu ya mchana na kufika saa nne ya asubuhi ya pili, tikiti itaonyesha saa 21 na nusu. Toa nane, utabaki na 13 na nusu. Kanuni ni nyepesi: ukienda magharibi ongeza tofauti, ukija mashariki ipunguze.

Kwa sisi tunaohesabu saa tangu jua linapochomoza, safari ya namna hii ina hali ya kipekee, maana inaulegeza ule uhusiano wa saa na jua. Msafiri wa Januari huliona jua likichwa Nairobi kabla ya saa moja ya jioni, akapanda ndege, akakimbizana na usiku kuelekea magharibi, na akifika New York jua bado halijachomoza. Amekaa gizani kwa karibu saa ishirini. Wakati wa kurudi jua humkimbia upande wa pili, na usiku wake huwa mfupi. Mwili hauoni tikiti; una saa yake ya ndani, ambayo kwa watu wengi huzidi kidogo saa 24, na kwa hiyo huvumilia siku iliyorefushwa kuliko iliyofupishwa. Ndiyo sababu wengi husema kuwa kuzoea New York ni rahisi, na kuzoea tena nyumbani ni kazi.

Tukiyatazama mambo haya kwa jicho la tarehe, tutaona kwamba maendeleo hayakuja pale tunapodhani. Mwaka 1931, Imperial Airways ilipoanzisha safari kutoka Croydon hadi Mwanza, abiria walisafiri siku kadhaa, wakitua vituo kwa vituo kuufuata mto Nili. Mei 1952 ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa ratiba, ilitoka London ikafika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24, nayo ilitua Entebbe njiani. Tangu miaka ya 1960 mwendo wa ndege za abiria haukuongezeka kwa kiasi cha kutajwa, ukiiacha Concorde, iliyochukua abiria tangu 1976 mpaka 2003. Kilichoongezeka ni uwezo wa kwenda bila ya kutua, hata leo ndege huenda kutoka Singapore hadi New York, kilomita 15,300 na zaidi, kwa muda unaopita saa 18. Ushindi wa zama zetu, basi, ni wa kuviondoa vituo, si wa kuongeza mbio.

Abiria aliyeyaelewa haya hatahukumu safari kwa kuitazama ratiba peke yake. Atajua kwamba saa zilizoandikwa humo ni wastani uliotiwa akiba, kwa kuwa mashirika huogopa lawama ya kuchelewa kuliko yanavyopenda sifa ya kuwahi. Hivyo ndege ikifika dakika 40 kabla ya wakati, aushukuru upepo pamoja na rubani, na ikichelewa kwa kadiri hiyo, asiharakishe kumlaumu mtu. Na akiulizwa na jamaa wanaomngojea kwamba New York ni mbali kiasi gani, awape jawabu la kilomita, ambalo halitabadilika. Wakimuuliza itachukua saa ngapi, awaulize kwanza ni mwezi gani, na ni kwenda au ni kurudi.